Fomeni Aliyetubebesha Kioo

Mpaka leo nikiona watu wawili wamebeba kioo kikubwa barabarani, nasimama. Sijali nina haraka gani. Nawatazama midomo, nione kama wanasemezana. Wakiwa kimya, nasubiri kishindo. Ugonjwa huu niliambukizwa na mtu mmoja tu, na jina lake sitalitaja, kwa sababu hata tulipokuwa naye kila siku hakuna aliyemwita kwa jina. Tulimwita Fomeni. Mafundi, wapishi wa chai, hata Tajiri mwenyewe aliyekuwa na gereji, wote walisema Fomeni.

Gereji yetu ilikuwa Makadara, nyuma kidogo ya barabara ya Jogoo, na kazi yetu ilikuwa kuunda bodi za mabasi. Chesisi ilikuja uchi, ina injini, magurudumu na usukani tu, dereva amekalia sanduku la mbao huku macho yamemwiva kwa vumbi. Ikitoka kwetu ilikuwa basi kamili, lina madirisha, viti na kibebeo cha mizigo juu. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa fundi wa viti, mwanamke peke yangu kati ya wanaume wapatao thelathini, na kwa hivyo wakaniita Mama Viti. Nilikuwa na watoto watatu, chumba kimoja Ziwani, na mume aliyekwenda kutafuta kazi kwingine asirudi. Cherehani ile ya gereji ndiyo iliyotuweka mjini. Naomba mkumbuke hilo, maana mbele nitafanya jambo ambalo sina utetezi mwingine juu yake.

Fomeni alikuwa mrefu, mkavu, koti lake la kazi la kahawia limefungwa vifungo vyote hata jua likiwa kali. Alitembea akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hakupaza sauti. Katika gereji ambamo nyundo zinapiga bati kutwa, yeye alisema polepole, na ilikuwa juu yako kumsogelea. Msemo wake mkubwa ulikuwa, "Basi ni watu kabla halijawa mabati." Alipousema mara ya kwanza nilidhani ana homa.

Ili mnielewe, niseme tulivyokuwa kabla yake. Wachomaji vyuma wengi walikuwa watu wa Mlima Kenya, maseremala wengi walikuwa watu wa Ukambani waliowahi kuchonga vinyago kabla ya kuja kwenye mabasi. Wachomaji waliwaita maseremala wachonga twiga. Maseremala waliwaita wachomaji vipofu, kwa sababu ya miwani yao myeusi. Ilikuwa utani, kisha siku moja haikuwa utani tena. Mchomaji mmoja kijana, Njoroge, alikata fremu fupi, seremala aitwaye Kioko akalazimika kutupa mbao za siku mbili, na mchana ule nikaona kwa macho yangu mtu mzima akimkimbiza mwenzake na nyundo kuzunguka basi mara tatu. Nilipanda juu ya marobota yangu ya sponji na kukaa huko. Baada ya hapo kila upande ulikuwa na jiko lake la chai, na kipimo kikikosewa hakuna aliyemwambia mwenzake. Waliacha kiharibike ili ionekane nani mjinga.

Hapo ndipo Tajiri alipomleta Fomeni atusimamie. Tulitarajia mtu wa kufukuza watu. Tukaletewa mtu wa michezo.

Ijumaa ya kwanza, saa kumi, alisimamisha mashine zote na kutoa kamba nene ya kuvutia magari. Akasema tutavutana. Wachomaji wakakimbilia upande mmoja, maseremala upande wa pili, wameshatema mate kwenye viganja. Fomeni akawaacha wavute mpaka nyuso zikawa nyekundu, upande huu ukaenda hatua mbili, upande ule ukarudi hatua mbili. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ile, "Sasa geukeni wote, mtazame huku." Akachukua ncha ya kamba akaifunga kwenye chesisi iliyozama matopeni tangu mvua ya wiki iliyopita, ambayo tulikuwa tukingojea trekta. Watu thelathini wakavuta. Chesisi ikatoka ikilia matopeni, na mafundi wakaanguka chali mmoja juu ya mwingine, mchomaji juu ya seremala.

Njoroge aliinuka akipangusa suruali. "Buda, hiyo si mchezo. Hiyo ni kazi umetuwekea."

"Ulicheka au hukucheka?" Fomeni akauliza.

"Nilicheka, lakini..."

"Basi ilikuwa mchezo."

Mimi nilibaki kinywa wazi. Sikuwahi kuona mtu akiwatapeli watu thelathini kwa wakati mmoja nao wakaenda nyumbani wakiimba.

Baadaye akaleta kopo la rangi lenye majina yetu kwenye vikaratasi. Kila Jumatatu ulichomoa jina, na Alhamisi ulimletea mtu huyo chakula cha mchana ulichokipika nyumbani kwako. Hukuruhusiwa kubadilisha jina wala kununua mkahawani. Kioko alimchomoa Njoroge. Alhamisi akaja na muthokoi kwenye bakuli la bati, akaliweka mbele yake bila neno. Njoroge aliangalia yale mahindi yaliyokobolewa kama mtu aliyeletewa kokoto.

"Hii inakuliwa aje?"

"Kwa mdomo," Kioko akasema.

Njoroge alikula akamaliza, akafuta bakuli kwa kidole. Wiki kadhaa baadaye nilimsikia akimuuliza Kioko, kwa siri, kama mke wake anaweza kumfundisha mke wa Njoroge kupika kile kitu. Nilisimamisha cherehani nisikie vizuri.

Lakini kitu kilichonitia hofu zaidi ni kioo. Kioo cha mbele cha basi, siku hizo, kilikuwa kipande kikubwa, kizito, na kilitoka stoo mpaka kwenye basi mikononi mwa watu wawili kupitia uwanja wenye mashimo, vyuma na mbwa wa mlinzi. Zamani kazi hiyo walifanya waliozoeana. Fomeni akaligeuza jambo. Watu wasiosemezana ndio waliobeba kioo. Ukinuniana na mtu, habari zikamfikia, ungesikia tu, "Wewe na wewe, kuna kioo stoo."

Yalinifika. Kioko alikuwa akiacha vichwa vya misumari kwenye fremu za viti, na ngozi ya plastiki niliyoishona siku nzima ikapasuka. Nilimwambia maneno. Akaniambia maneno. Tukakaa wiki tatu tukipitana kama miti. Asubuhi moja Fomeni akaja, kichwa upande.

"Mama Viti, chukua upande huo. Kioko, shika huu."

"Mzee, mimi ni mwanamke," nikasema. Sijawahi kulitumia neno hilo kujitetea kabla wala baada.

"Kioo hakijui."

Tukakiinua. Mimi nilikuwa narudi kinyumenyume, Kioko anakuja mbele, kioo katikati yetu, uso wake nauona kupitia kioo, wa kijani kidogo. Tulienda hatua kumi kimya. Kisha nikasikia, "Shimo."

"Wapi?"

"Nyuma yako. Mguu wa kulia. Ngoja. Sasa panua."

"Hivi?"

"Zaidi. Haya. Umevuka."

Nikaendelea kurudi nyuma, na machozi yalinitoka sijui kwa nini, huku siwezi kuyafuta. Tulipokiweka chini Kioko akasema misumari ataipiga ndani. Nikamwambia sindano zangu nazo zilikuwa butu, huenda zilichangia. Fomeni alikuwa ameshaondoka kwenda kuangalia rangi.

Sasa nieleze upande wake wa pili, ambao ulinishangaza kuliko michezo yote. Mtu huyu aliyetulazimisha kula vyakula vya wenzetu alikula peke yake. Jina lake halikuwa ndani ya kopo. Saa saba alipanda ndani ya basi lolote lililokuwa halijaisha, akaketi kiti cha mwisho akitupa mgongo, akala mkate na chai ya chupa. Hakuwahi kuvuta kamba, alishika saa tu. Na kioo hakukibeba hata siku moja. Tena alikuwa na tabia nyingine ambayo ilituchekesha. Watu wakianza kubishana karibu naye, hata ubishi wa mpira, mkono wake ulikwenda kwenye mashine ya kusaga chuma akaiwasha, ikalia mpaka wabishi wakachoka. Tulidhani ni mbinu. Nilimuuliza siku moja kwa nini hawaambii tu wanyamaze. Akasema, "Mama Viti, mimi nikisikia watu wanagombana tumbo linanikata." Akacheka, nami nikacheka. Nilipaswa kumsikiliza.

Mchezo wake wa mwisho ulikuwa wa Jumatano. Kila Jumatano, kwa saa mbili za asubuhi, tulibadilishana kazi. Mchomaji alishika randa, seremala alishika brashi ya rangi, na mimi nilipelekwa popote. Sheria ilikuwa moja: kazi ya Jumatano haichekwi wala haisutwi. Ukiona kosa usimwambie aliyekosea, njoo umwambie Fomeni naye atalitengeneza kimya kimya. Hivyo, alisema, hakuna atakayeogopa kushika kazi ya mwenzake.

Na kweli watu waliacha kuogopa. Nilimwona Njoroge akimshikia Kioko mbao kwa magoti. Majiko mawili ya chai yakawa moja. Mabasi yalitoka mapema, na Tajiri akaanza kutusalimia.

Jumatano moja nikapewa chaki.

Niwaeleze kwa urahisi. Ubavu wa basi huundwa umelala sakafuni. Unapanga fremu, unalaza mabati juu yake, unachora mahali pa mlango, mafundi wanakata na kupiga riveti za kubana bati, halafu ubavu mzima unasimamishwa na kufungwa kwenye chesisi. Bati linalotazama juu ndilo uso wa nje. Mlango wetu ulikuwa mmoja, karibu na nyuma, na kwa kuwa magari ya kwetu hupita kushoto mwa barabara, mlango wa abiria hukaa kushoto, watu washukie kando. Mchoro ulining'inia ukutani. Nikausoma vizuri, vipimo vyote, nikapiga magoti na kuchora.

Lakini mimi ni fundi wa vitambaa. Anayeshona huchora upande wa ndani, ule usioonekana, ili chaki isichafue uso, kisha hugeuza. Mikono yangu ilikuwa imefanya hivyo miaka kumi na miwili bila kuniuliza. Nikauchora mlango kama ninayechora kitambaa, kana kwamba bati lile tungeligeuza. Vipimo havikukosea hata uzi mmoja. Nilichokosea ni upande. Ubavu ule, ukisimamishwa, ungekaa vizuri kabisa kulia, na kushoto usingeingia.

Asubuhi ile ilikuwa ya furaha, ndiyo inayoniuma. Njoroge alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, Kioko anaitikia kwa Kikamba, mtu amenitania kwamba leo Mama Viti anashonea chuma. Sote tulicheka. Fomeni alikuwa akipita nyuma yetu, kichwa upande.

Ijumaa walipousimamisha ubavu nilikuwa nimeshika sindano. Nikainua macho nikaona mlango upande wa dereva, ukitazama katikati ya barabara. Niliangalia wenzangu. Kioko alitazama mlango, akatazama chini. Njoroge alijikuna shingo. Mtu akasema, labda ni basi la kwenda ile nchi ya jirani ambako magari hupita kulia. Mwingine akaitikia haraka sana, ndiyo, labda. Usukani ulikuwa kulia pale pale mbele yao wote.

Nami nikajiambia kwamba Fomeni hukagua kila kitu. Kama ni kosa, atasema. Nikaendelea kushona.

Tulilimaliza basi lile. Nataka mlione jambo hili kama ninavyoliona mimi usiku na mchana: watu thelathini wenye akili timamu, wanaopendana, walilipaka rangi, wakaliwekea viti, wakalipigia ngazi chini ya mlango usio mahali pake, na hakuna aliyefungua mdomo. Zamani Kioko angepiga kelele mpaka kituo cha polisi. Lakini amani ilikuwa bado changa, na kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda kwa Fomeni. Kioko peke yake ndiye aliyekwenda. Aliniambia baadaye kwamba alipofungua mdomo tu, Fomeni aliwasha mashine ya kusaga chuma.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, mwenye basi alikuja na Tajiri, amevaa suti na kofia, mzee kutoka mashambani aliyeuza ng'ombe na shamba kwa ajili ya basi lile. Alilizunguka akilipapasa kwa kiganja. Upande wa kushoto alitembea kutoka mbele mpaka nyuma, akarudi mbele, akaenda tena nyuma. Kisha akamgeukia Tajiri kwa heshima zote.

"Samahani, bwana. Hii gari inaingiliwa wapi?"

Tajiri alizunguka upande wa pili. Aliporudi uso wake haukuwa na damu.

Alitupanga uwanjani. Akasema anataka jina la aliyechora mlango, na jina hilo litatoka getini leo. Lisipopatikana, tutatoka wote. Chaki ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Niliigusa. Niliwaona watoto wangu watatu wamepangwa kitandani. Nikafungua mdomo, na kabla sijatoa sauti Njoroge akasema, "Ni sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi wote, Tajiri," Kioko akasema.

Na mwingine, na mwingine, mstari mzima. Walikuwa wananilinda. Michezo ile yote ilikuwa imefanya kazi. Zamu ikanifikia mimi, na mimi nikasema, "Sisi." Nilijificha ndani ya neno lile, nikahisi uso unaniwaka kwa aibu.

Fomeni akafungua vifungo vya koti la kahawia, kimoja kimoja, kuanzia juu. Sikuwahi kumwona bila koti. Ndani alikuwa na shati lililoshonwa kiraka begani. Akalikunja koti, akaliweka juu ya boneti ya basi.

"Ni mimi, Tajiri. Kukagua ni kazi yangu."

Akatoka getini bila kutazama nyuma. Sisi tukabaki na basi letu.

Sikumtafuta. Hilo ndilo la pili nisilo na utetezi juu yake. Nilijua anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, nikaanza kwenda kanisani kwa njia ndefu. Aliyekuja badala yake alikuwa mtu wa makelele, michezo ikafa, lakini mafundi wenyewe hawakuacha kubebeshana kioo. Ukinuniana na mtu, mtu mwingine angekuambia tu kuna kioo stoo. Kila niliposikia hivyo nilitamani sakafu inimeze. Nilikaa miaka miwili zaidi, kisha nikaacha, nikaanza kushona viti vya sebuleni kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilipita miaka minane. Wakati huo nyumba mpya zilikuwa zikijengwa Donholm, na wenye nyumba walitaka viti. Alasiri moja nilikwenda huko na futi yangu kumpimia mama mmoja mwalimu. Nje ya nyumba yake kulikuwa na mkokoteni uliotandikwa magunia, na juu ya magunia kioo kikubwa cha dirisha la sebule. Mzee mmoja alikuwa amekiinua ncha moja, anakitazama, anakirudisha. Shati lake lilikuwa na vifungo vyote vimefungwa. Kichwa kilikuwa kimeinama upande.

Nikafikiri, nikirudi nyuma sasa hivi hataniona.

Hakunisalimu. Hakuuliza habari za watoto. Alisema, kana kwamba tuliachana jana, "Mama Viti, chukua upande huo."

Hapo nilielewa. Kioo kwake hakikubebwa na marafiki.

Nikaweka mkoba chini, nikashika. Tukainua. Mimi nilirudi kinyumenyume kama zamani, yeye akaja mbele, na kwa mara ya kwanza maishani nikauona uso wa Fomeni kupitia kioo. Ulikuwa umezeeka sana.

"Mzee," nikasema. "Ile mlango..."

"Jiwe. Kushoto kwako."

Nikalikwepa. "Ile mlango ni mimi nilichora."

"Najua. Sasa kuna ngazi tatu."

"Unajua?"

"Nilikuwa nyuma yako. Nilikuona unachora. Panda ya kwanza."

Nikapanda. Sijui nilipandaje. "Uliona Jumatano ile ile?"

"Chaki ilikuwa bado mbichi. Ningefuta kwa kiganja." Alikuwa anahema. "Lakini mlikuwa mnaimba. Kioko na Njoroge wanaimba wimbo mmoja. Nikasema nitasema kesho. Kesho nikakuta mmeshapiga riveti, nikasema kesho kutwa. Panda ya pili."

Nilisimama. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Miaka minane nilikuwa nimekwenda kanisani kwa njia ndefu. Miaka minane nilikuwa nikiamka na mtu niliyemfukuzisha kazi kifuani. Na mtu mwenyewe alijua, na angefuta kwa kiganja.

"Uliniachia kosa lako, mzee."

"Nilikuachia."

"Mbona hukuja? Mtaa wa pili tu."

"Ningekuja nikuambie nini?" Alibadilisha mshiko wake, na kioo kikanisukuma kidogo. "Nyinyi mlikuwa na mimi wa kuwabebesha. Sisi wawili nani angetubebesha?"

Nilitaka kuachilia niondoke. Niseme ukweli, vidole vilikuwa vimeanza kufunguka. Lakini kioo ni kioo, huwezi kumwachia mtu mzee upande wako ukaenda zako. Nikakaza. Nikapanda ngazi ya pili, na ya tatu.

Tukafika dirishani. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anatusifu. "Kazi safi kabisa, mzee. Itapendeza sana." Fomeni alimtabasamia. Tukakiinua mpaka kwenye fremu, yeye akaegemeza upande wake, mimi nikaegemeza wangu, naye akaanza kutafuta puti ya kubandikia kioo mfukoni.

Mimi jicho langu ni la kupima. Niliona kabla yake. Kioo kilizidi fremu. Kingekaa kwa kulazimishwa, kwa siku mbili tatu, kisha kingepasuka peke yake asubuhi moja. Mwalimu bado alikuwa anasifu. Mzee alikuwa anatabasamu. Palikuwa na utulivu mzuri sana pale barazani, na mimi niliutambua utulivu ule, niliwahi kushona viti ndani yake.

"Mzee," nikasema, sauti juu, mwalimu asikie. "Umekosea. Hiki hakiingii."

Mwalimu akanyamaza. Fomeni akaacha kutafuta puti. Nilimwona akikunja uso, mkono mmoja ukashika tumbo.

"Kimezidi?"

"Kimezidi kidole kimoja."

"Una uhakika?"

"Nina futi mkobani. Kidole kimoja, na juu pia kimezidi kidogo."

Alitazama fremu, akapitisha kidole ukingoni, polepole, kutoka chini mpaka juu. Akakifikia kile kipande kilichozidi, akakigusa mara mbili.

"Kweli," akasema. "Nimekosea."

Nilingoja mbingu zianguke. Mwalimu aliuliza tu kama kinaweza kukatwa tena leo, na Fomeni akamjibu kwamba kinaweza.

"Ni hivi tu, mzee," nikamwambia, na sasa machozi yalikuwa yananitoka tena, na tena siwezi kuyafuta. "Jumatano ile ungesema hivi tu."

Mzee alishika upande wake, mimi nikashika wangu, tukakishusha kutoka kwenye fremu.

"Rudi polepole," akasema. "Kuna ngazi nyuma yako."